Kabati la jikoni Shangani: lilioza kwa nini, na jipya lilijengwaje

Jiko lina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.7, katika nyumba ya vyumba vitatu Shangani, Mtwara, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Kabati la zamani lilikuwa la chipubodi iliyovikwa plastiki nyeupe. Lilinunuliwa likiwa tayari na kusimamishwa moja kwa moja juu ya marumaru. Masika mawili yalitosha kulimaliza. Ubao wa chini ulivimba, bawaba ziking'oka pamoja na skrubu zake, na mlango wa chini ya sinki ukabaki wa kuegemezwa. Nyuma ya droo mchwa walikuwa wameshajenga njia yao ya udongo hadi kwenye rafu ya unga. Mwenye nyumba aliomba abadilishiwe milango tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikionekana mibovu.

Milango mipya ingedumu hadi masika yanayofuata. Kabati la pwani huharibikia chini na nyuma. Mbele ni mahali pa kuonyesha dalili tu. Kwa hiyo kazi ilianza kwa kulivunja la zamani polepole, kipande kwa kipande, na kutazama maji yalipitia wapi.

Yalipitia mahali pawili. La kwanza ni sakafu. Jiko hili hudekiwa kwa ndoo kila siku, na maji husogea chini ya kabati yasikauke. Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Plastiki hulinda uso, lakini kingo za chini zilizokatwa kiwandani zilikuwa wazi. Kingo zikinywa maji ubao unafura, na hata ukikauka haurudi unene wake wa mwanzo. Skrubu iliyokuwa imeshika vizuri sasa imebaki ndani ya unga. MDF nayo, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iko hivyohivyo, na ile ya kijani inayouzwa kuwa inavumilia unyevu inachelewa tu. Kingo zake zikiachwa wazi juu ya sakafu ya kudeki, mwisho wake ni uleule.

La pili ni ukuta. Lipu ya upande wa kulia ilikuwa na unga mweupe wa chumvi hadi kimo cha sentimita 30, na kila mtu alisema ni unyevu wa bahari. Kabla ya kukubali kauli hiyo, kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kikaachwa siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa yenye mvuke. Yakitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Hapa yalitokea upande wa ukutani, na nyuma ya ukuta huo ni bafu. Kiungo cha bomba la maji ya baridi kilikuwa kikivuja ndani ya tofali. Fundi bomba alikibadilisha, lipu iliyooza ikabanduliwa, na ukuta ukaachwa ukauke kwanza wakati mbao zinatayarishwa. Kabati lolote ambalo lingefungwa pale kabla ya hapo lingekuwa hasara, hata la mbao ya mkongo.

Vitu kwanza, vipimo baadaye

Mafundi wengi huuliza idadi ya milango. Swali la maana ni kabati litabeba nini. Mama mwenye nyumba alilitangulia swali hilo.

"Fundi, kinu na mchi mmevipangia wapi? Kabati lisilo na mahali pa kinu litakuwa pambo."

"Mama, tutolee vyote hapa sakafuni tuvipime. Hata ungo."

Vilitolewa: ndoo tatu za lita 20 zenye vifuniko, kimo sentimita 40 na upana 32, sufuria kubwa ya pilau ya sentimita 48, gunia la mchele la kilo 25, kinu chenye kipenyo cha sentimita 30, mchi wa mita 1.2, mbuzi ya nazi, nyungo mbili za sentimita 55, masinia, na makopo ya unga, dagaa na korosho. Vipimo hivi ndivyo vilivyoamua kina cha kabati na mgawanyo wake. Sufuria ya sentimita 48 inaingia kwenye sanduku, yaani kiwiliwili cha kabati bila milango, lenye kina cha milimita 520. Ungo wa sentimita 55 hauingii, na hakuna aliyeona sababu ya kuongeza kina cha jiko zima kwa ajili ya nyungo mbili. Zilitundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Mchi ukisimama ndani ya kinu ungegonga rafu ya juu, kwa hiyo utasimama nyuma ya kinu. Ndoo tatu zinahitaji milimita 960 na nafasi ya ndani ya sanduku lake la 900 ni 864, basi mbili zikae ndani na ile ya matumizi ya kila siku ibaki nje, ambako ingekuwa hata hivyo.

Ukuta wenyewe ulipimwa kwa vimo vitatu: sakafuni milimita 3,585, kimo cha 900 milimita 3,572, kimo cha 2,100 milimita 3,598. Anayepima mara moja tu, tena sakafuni, anatengeneza kabati lisiloingia. Kipimo kinachotumika ni kile kidogo. Kona ya kushoto ilikaguliwa kwa njia ya fundi mwashi: milimita 600 ukuta mmoja, 800 mwingine, na mshazari unapaswa kuwa 1,000. Ulikuwa 1,008. Maana yake kona imefunguka, na kwa kina cha milimita 600 ukuta unakimbia kama milimita 10. Sakafu nayo ilishuka milimita 14 kuelekea mlangoni. Kwa nyumba za tofali za kawaida hakuna la kushangaza hapo, ila lazima kujua kabla ya kukata.

Mpango ukawa masanduku matano mstari mmoja: kabati refu la stoo 600, droo 600, sinki 800, jiko la kupikia 600, ndoo na masufuria 900. Jumla 3,500. Zilizobaki milimita 72 ziligawanywa mara mbili, vipande vya kusawazishia vya milimita 36 kila mwisho, na cha kushoto kilikatwa kwa mshazari hadi 46 mbele ili kufuata ukuta. Bila vipande hivyo mlango wa mwisho hugonga lipu, au unabaki mwanya wa kupitisha panya.

Makabati ya juu yalikuwa mawili tu, moja juu ya droo na moja juu ya ndoo. Juu ya sinki kuna dirisha. Juu ya moto hakukuwekwa kitu. Mvuke wa mafuta hulainisha vanishi, na mkono unaopita juu ya sufuria inayochemka kufuata chumvi ni wa kuungua.

Mbao

Masanduku yalitengenezwa kwa plaiwudi ya kuvumilia maji, milimita 18. Tahadhari hapa: madukani "marini bodi" mara nyingi ni ile ya kahawia au nyeusi ya kumwagia zege. Nyingine ni nzuri, nyingine gundi yake ni ya ndani ya nyumba. Kata kipande cha sentimita 10, kichemshe saa kadhaa kwenye sufuria. Matabaka yakiachana, irudishe dukani. Kipimo hiki kinagharimu mkaa kidogo, na muuza duka mwenye mali nzuri hakikatai.

Milango ni ya mninga. Mninga na mkongo hutoka kwenye misitu ya miombo ya upande wa Liwale na Nachingwea, na mbao halali huwa na alama ya nyundo ya maliasili pamoja na risiti. Mninga umechaguliwa kwa sababu haupindi sana ukikauka, na kiini chake chekundu mchwa hawakipendi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ni habari nyingine: bungua huingia humo na kuacha vumbi jepesi sakafuni. Ilikatwa yote na kutupwa, ingawa ilipunguza mbao.

Ukavu ulipimwa kwa mizani ya jikoni na oveni. Kipande kilikuwa na gramu 412. Kikaokwa kwenye joto la kama nyuzi 103 hadi uzito ukaacha kushuka, kikabaki na gramu 355. Tofauti ni gramu 57, ukigawa kwa 355 unapata asilimia 16. Kwa hewa ya Mtwara ubao hutulia karibu asilimia 14 hadi 16, kwa hiyo uliwekewa vijiti katikati, ukapangwa ndani ya nyumba hiyohiyo wiki tatu zaidi. Kuukausha hadi asilimia 8 kama inavyoandikwa kwenye vitabu vya nchi za baridi ni kosa; ukifika hapa utanyonya unyevu, milango itanenepa na kubana.

Ukataji ulihitaji bodi 6 za milimita 18 zenye ukubwa wa 2,440 kwa 1,220, na bodi 2 za milimita 6 za migongo. Kila sanduku la chini lina mbavu mbili za 740 kwa 520, na ubao wa chini wenye urefu wa upana wa sanduku ukitoa 36 za mbavu mbili: 564, 764 au 864. Juu hakuna ubao mzima, ni mikanda miwili ya upana wa 100, kwa kuwa jiwe la granaiti litafunika. Hesabu moja iliwasumbua mafundi mezani. Ubavu wa 740 na vipande vitatu vya 564 ni 2,432, kwa hiyo bodi ya 2,440 inaonekana inatosha. Lakini mikato ni mitatu na msumeno unakula milimita 3 kila mara, jumla 2,441. Milimita moja imekosekana na kipande cha nne kimekufa. Mpangilio ukageuzwa: ubavu pamoja na 764 na 864 safu moja, jumla 2,368 kabla ya mikato, na vipande vya 564 vikahamia bodi nyingine vinne vinne. Anayeagiza bodi kwa kugawa eneo kwa eneo atarudi dukani.

Kingo zote zilizokatwa zilipakwa vanishi mara mbili kabla ya kuunganishwa, hata zile ambazo hakuna atakayeziona. Hizo hasa. Uunganishaji ulikuwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji na skrubu za milimita 50, kila sanduku likapimwa mishazari kabla gundi haijashika. Sanduku la 600 kwa 740 lina mshazari wa milimita 953. Ukipata 951 upande mmoja na 955 upande mwingine, limeshapinda na droo zitakwama.

Rafu ya sanduku la 900 ina urefu wa 864, ndefu mno kwa ubao wa unene wa milimita 18 ikibeba masufuria. Kwa mzigo uleule wa kila sentimita, rafu ikirefushwa mara mbili hujipinda mara 16, kwa hiyo mhimili mmoja wa katikati unafaa kuliko kununua ubao mnene. Uliwekwa mhimili, nyuma tu, ili ndoo ziingie bila kugongana nao.

Chini na nyuma

Kitako kilimwagwa kwa zege, si mbao. Kilianzia sehemu ya juu kabisa ya sakafu kwa kimo cha milimita 120, kikafika 134 upande wa mlangoni, na juu yake pima maji ikatulia. Mbele kilirudishwa ndani milimita 60 kutoka uso wa milango ili vidole vya miguu vipate nafasi, kisha kikavikwa marumaru na kuzibwa viungo. Sasa maji ya kudeki yanagonga zege na kurudi. Kati ya zege na plaiwudi ulitandikwa mkanda wa nailoni nene, maana zege hunyonya.

Masanduku yalisimamishwa milimita 40 mbele ya ukuta. Kimo kikawa 120 za kitako, 740 za sanduku, 20 za jiwe: milimita 880. Kina nacho: 40 za uwazi, 520 za sanduku, 20 za mlango, 20 za ukingo wa jiwe: 600. Uwazi ule wa nyuma unapitisha bomba, unazuia lipu kugusa ubao, na zaidi ya yote unaonekana. Sanduku la sinki halikuwekwa mgongo. Ukifungua milango yake na kumulika tochi kushoto na kulia, unaona ukuta wote nyuma ya kabati, na njia ya mchwa haiwezi kupanda bila kuonekana. Dawa ya mchwa ilipigwa kwenye nyufa za sakafu kabla ya zege, lakini dawa huisha nguvu. Jicho la kila mwezi ndilo linalobaki. Milango ya sinki ni ya vipande vya mshazari vyenye upenyo, hewa iingie.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 haukupewa nafasi ndani, ingawa mwenye nyumba aliutaka ufichwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani ya kabati lililofungwa hukaa chini ikisubiri cheche. Uliwekwa nje chini ya kivuli kwenye kizimba cha nondo. Bomba la shaba lilipita ukutani ndani ya bomba pana zaidi, mpira ukatumika kwenye ncha tu, na viungo vikapakwa povu la sabuni kutazama kama linachemka.

Kutundika

Kosa la siku ya kufunga lilitokea juu. Fisha (plagi za plastiki za ukutani) za milimita 8 na skrubu za 50 ziliingia vizuri na kukaza. Kabati la 900 lilipojaribiwa kwa mtu mzima kuning'inia kwa mikono, skrubu mbili zilitoka na donge la lipu. Lipu ya ukuta ule ina unene wa milimita 25 na zaidi, na mchanga wake ulikuwa mwingi kuliko saruji. Kati ya skrubu ya 50 iliyopita kwanza kwenye ubao wa milimita 18, zilizobaki 32 zilishika lipu karibu yote. Kabati lile tupu lina kama kilo 27. Likijazwa vyombo linavuka 70, na hesabu ya usalama ilifanywa kwa 100.

Matundu ya zamani yalizibwa. Ubao wa mninga wa 100 kwa 20 ulifungwa ukutani kwa urefu wote kwa skrubu za milimita 100, fisha zikiingizwa ndani hadi kwenye tofali, moja kila sentimita 30, zikikwepa viungo vya tofali. Kabati likaning'inia kwenye ubao huo kwa ukingo uliokatwa mshazari, likakazwa chini kwa skrubu mbili. Jaribio lilirudiwa. Halikusogea.

Milango ni 14 na bawaba 30: mbili kwa kila mlango wa 740 au pungufu, tatu kwa ile miwili ya kabati refu yenye kimo cha 1,300. Zilinunuliwa 32. Tundu la kikombe, ile sehemu ya bawaba inayozama mlangoni, ni kipenyo cha milimita 35 na kina cha 12, kitovu chake milimita 22 kutoka ukingoni. Sharti lilikuwa chuma kisichoshika kutu daraja 304, na hapa kuna ujanja wa madukani: kikombe huwa cha 304, skrubu na mkono vya chuma cha kawaida kilichochovywa. Tembea na sumaku. Chuma cha 304 hakivutwi au kinavutwa kidogo mno. Sehemu inayorukia sumaku itaanza kutoa kutu kabla kaskazi haijaisha. Reli za gololi za droo za daraja hilo hazikupatikana. Droo tatu zikawekewa reli za mkongo zilizosuguliwa nta ya mshumaa, sanduku la droo likiwa jembamba kwa milimita 3 kuliko nafasi yake. Hazitelezi kwa kidole kimoja kama za gololi, lakini hazitakwama kwa chumvi.

Vidirisha vya katikati ya milango, yaani mbao zinazojaza fremu, havikutiwa gundi. Mfereji una kina cha milimita 10, ubao umeingia 8, na mbili zilizobaki kila upande ni za kupumulia. Vanishi ilipakwa idadi sawa ndani na nje. Mlango uliopakwa nje tu hunywa unyevu upande mmoja na kujikunja, na lawama huenda kwa bawaba.

Granaiti ililazwa juu ya vitone vya silikoni, ukingo wa tundu la sinki ukazibwa mzunguko wote. Kisha sinki lilijazwa hadi juu, likaachiwa kwa mkupuo, na karatasi kavu ya chooni ikapitishwa kwenye kila kiungo cha bomba la taka. Kiungo kimoja kililowesha karatasi. Mpira wake ulikuwa umekaa upande.

Masika ya kwanza, milango miwili ya kabati refu iligusana kingo. Mwenye nyumba alikuwa ameshamwita kijana mwenye randa, akazuiwa kwa simu. Mwanya ulikuwa milimita 2 kati ya mlango na mlango. Skrubu ya pembeni ya bawaba ilizungushwa nusu mzunguko kila moja, milango ikaachana. Ingerandwa Machi, kufika Agosti kusi ikikausha mbao kungekuwa na mwanya wa kupitisha penseli. Kwenye kabati la sinki imebandikwa karatasi yenye kazi mbili za kila mwezi: kumulika nyuma kutafuta udongo wa mchwa, na kupitisha kidole chini ya viungo vya bomba.